Mafuta ya Fundi

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha saluni, kichwa nimekiinamisha, wakati yule msichana anayenitengeneza nywele alipofungua kichupa cheusi na kumimina tone kiganjani. Harufu ilinifikia kabla ya mkono wake. Ni harufu nzito, ya kitu kilichokaangwa kikasahauliwa kidogo motoni, na chini yake kuna karanga na udongo. "Hii ndiyo dawa ya hapa mbele, dada," akaniambia, akigusa pale kwenye paji la uso ambapo nywele zangu zimeanza kunikimbia. "Mafuta ya mbarika. Yanatoka ng'ambo." Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka kitambaa kikanianguka mabegani, na wale akina mama waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele wakanitazama kama mtu aliyepokea habari mbaya kwa simu. Nilipopata pumzi nikamwambia yule msichana kwamba mafuta hayo mimi nayajua tangu yalipokuwa ya gia. Hakuelewa, na sikumlaumu. Lakini nyinyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa fundi wa chuma. Karakana yake ilikuwa Mumbuni, pale Machakos, ubavuni mwa nyumba yetu, na kati yake na jikoni palikuwa na ukuta mmoja wa mabati, hivi kwamba Mama akikaanga vitunguu Baba alipiga chafya, na Baba akikata chuma chai yetu ilitetemeka vikombeni. Mle ndani kulikuwa na mashine ya kutoboa, kulikuwa na msumeno wa umeme, na kulikuwa na leithi, mashine ya kuchongea chuma, ndefu kama kitanda cha wageni. Chuma kilifungwa kichwani mwake, kikazungushwa, na kisu kikakisogelea polepole na kukimenya mpaka kikawa umbo lililotakiwa. Baba aliinunua ikiwa tayari nzee, na aliipenda kwa namna ambayo Mama hakuificha kwamba ilimkera.

Mtu yule alikuwa msahaulifu. Alitutuma chumvi tukarudi akauliza nani amenunua chumvi. Siku zetu za kuzaliwa zilimpita hivihivi. Lakini katika mambo ya oili hakuwa na mzaha hata kidogo. Oili ya gia ilikuwa nzito na ilinuka yai viza. Ya reli, pale kisu kinapoteleza kwenda na kurudi, ilikuwa nyepesi, rangi ya chai ya mkandaa. Ya kupozea chuma ilichanganywa na maji ikawa nyeupe pepepe, na siku moja paka wetu aliikaribia kwa furaha, akainusa, akamtazama Baba kwa dharau na kwenda zake. Kila oili ilikuwa na mkebe wake, faneli yake na kitambaa chake. Musyoka, msaidizi wa Baba, mtu mzima mwenye watoto wake, alipochukua kitambaa cha gia akapangusia reli, alisimangwa tangu chai ya saa nne mpaka wakati wa kufunga.

Kuchagua oili kulikuwa kazi ya nusu siku. Baba aliichovya kidole, akaifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada huku amefumba macho. Aliinusa. Alidondosha tone kwenye gazeti la zamani na kukaa akilitazama linavyotanuka, na ole wako upite hapo na kumwondolea mwanga. Mama alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe alichaguliwa haraka kuliko ile oili ya gia. Na kubadilisha oili, hiyo ilikuwa shughuli ya kanisani. Ile kuukuu ilimwagwa mashine ikiwa bado na joto. Sanduku la gia likaoshwa kwa mafuta ya taa, likapanguswa, likaachwa likauke. Kisha ile mpya ikamiminwa taratibu kama uji wa mgonjwa, na leithi ikazungushwa bila kazi huku Baba ameibandikia sikio. Akitabasamu, tulijua tutakula kwa amani.

Sasa niwaeleze juu ya Susu, mama yake Mama, aliyekaa Kalama. Na siwezi kuwaeleza juu ya Susu bila kuwaeleza juu ya nthoni. Hiyo ni ile heshima ya wakwe, na kwetu Ukambani, hasa kwa watu wa umri wa Susu, haikuwa heshima ya kusema shikamoo ukapita. Mwanamume na mama mkwe wake hawakupeana mkono. Hawakutazamana usoni. Hawakukaa chumba kimoja wakala sahani zinaonana. Mwanamume hakutaja jina la mama mkwe, na mama mkwe hakutaja kitu chochote cha mwili wa mkwewe, hata kama ni sikio.

Mimi nilipewa jina la Susu. Naitwa Syombua, kama yeye, na kwa hiyo baba yangu mzazi hakuwahi kuniita jina langu maishani mwake. Aliniita "Mwaitu", yaani mama yetu, na alinigombeza kwa tabu sana. Dada yangu Ndanu akivunja kikombe, alichapwa. Nikivunja mimi, Baba alisimama akakitazama kikombe, akakohoa, akasema, "Mwaitu, vikombe vya siku hizi havina nguvu." Nilikifurahia cheo hicho na nilikitumia vizuri.

Tatizo ni kwamba Susu hakumpenda Baba. Au ndivyo tulivyoamini sote. Alikuwa amemtakia binti yake mwalimu mmoja wa kule kwao, mwenye baiskeli na kalamu mfukoni, na badala yake akaletewa kijana aliyekuja kuposa na doa la grisi kwenye kola. Mbuzi walipokelewa, mambo yote ya mila yakafanywa, lakini Susu hakuwahi kukanyaga Mumbuni. Tulikwenda sisi kwake. Katika sherehe alikaa upande wa akina mama akiwa amempa Baba mgongo, na ingawa mila ilitaka hivyo, Mama alisema kuna kugeuka kwa mila na kuna kugeuka kwa moyo. Jambo hilo lilimuuma Mama kuliko alivyokubali. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba angefurahi hata mama yake akimtumia mumewe mhindi mmoja wa kuchoma, mmoja tu, ajue wameelewana.

Likizo moja ya Aprili nilipelekwa Kalama, nikamkuta Susu akitengeneza mafuta ya mbarika. Miti ilijiotea yenyewe ukingoni mwa shamba. Alianika mbegu, akazikaanga, akazitwanga mpaka zikawa tope jeusi, akazichemsha kwenye chungu na kuengua mafuta yaliyoelea juu kwa kijiko cha mbao. Moshi ule uliniingia kwenye sweta na haukutoka muhula mzima. Siku ya kurudi nyumbani Susu akanipa kigaloni kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni na gunzi.

"Mpelekee baba yako," akasema, huku akiangalia mlima. "Mwambie ni mauta ma vundi."

Mafuta ya fundi. Kwa Kikamba, kama kwa Kiswahili, mafuta ni mafuta. Ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari, yote jina ni moja.

"Ya fundi?" nikauliza.

"Ya fundi. Na usimwage njiani."

Nilifika na sikumwaga hata tone, na ujumbe niliufikisha neno kwa neno. Mama aliketi juu ya gunia la makaa bila kuangalia pa kuketi. "Baba Ndanu," akaita, na sauti ikamkwama. "Mama amekuletea mafuta. Ya mashine! Mama yangu amefikiria kazi yako!" Akalia, akacheka, akajipangusa kwa leso akajipaka masizi ya makaa mpaka masikioni.

Baba alikipokea kigaloni kwa mikono miwili. Akakifungua. Akachovya kidole, akafikicha, akafumba macho. Musyoka na mimi tulikuwa tumesimama tukimtazama, na nakumbuka alichukua muda mrefu sana, muda wa kuchagua oili tatu. Alipofungua macho alimwangalia Mama, ambaye bado alikuwa na masizi usoni na meno yote nje.

"Ni mazuri," akasema. "Ni mafuta ya maana sana."

"Boss," Musyoka akanong'ona Mama alipoingia jikoni, "hiyo si ni mafuta ya mmea? Hiyo itashika kama gundi."

"Musyoka," Baba akasema, "wewe uko na mama mkwe?"

"Niko naye."

"Basi nyamaza."

Mwanzoni Baba alifanya ujanja. Aliyapaka kwenye bawaba za mlango wa karakana. Mlango ambao miaka yote ulilia kama mbwa aliyekanyagwa ukanyamaza, na Mama akadhani hiyo ni leithi imenyamaza, akafurahi. Lakini Mama hakuwa mjinga. Siku iliyofuata aliingia karakana na chai, akainama, akanusa. "Mbona mashine hainuki mafuta ya Mama?" Ikabidi Baba ayaweke kwenye reli, mahali pa kuonekana. Niseme ukweli, kwa siku za kwanza yalifanya kazi ya ajabu. Kisu kiliteleza bila kelele, na karakana nzima ikanuka kama jiko la Susu. Baba mwenyewe alishangaa. Nilimwona akidondosha tone kwenye gazeti na kulitazama kwa wasiwasi, kwa sababu lilikataa kutanuka.

Mama hakuweza kukaa na furaha yake. Susu hakuwa na simu, lakini kijana wa jirani yake alikuwa nayo, na Jumapili moja baada ya kanisa walipatana kwa simu hiyo. Susu aliamini kwamba Mumbuni ni mbali na simu ni ndogo, kwa hiyo alipiga kelele, na sote tulisikia pande mbili za mazungumzo.

"Anapaka?" Susu akauliza.

"Kila asubuhi, Mama! Kabla ya kuanza kazi!"

"Yanaingia?"

"Yanaingia kila mahali!"

"Na amepata nafuu?"

"Nafuu kabisa! Hata kelele imeisha!"

"Alikuwa anapiga kelele?" Susu akauliza kwa sauti ya huruma.

"Sana, Mama! Hata majirani walikuwa wanalalamika!"

"Maskini," Susu akasema. "Mwambie asipake mengi, yanateleza, asije akaangusha kitu. Nitatuma mengine."

Akatuma. Safari hii hakikuwa kigaloni, lilikuwa dumu, lile la njano la kuchotea maji, limejaa mpaka shingoni. Lililetwa na mwanamume wa Kalama aliyekuja sokoni, na alilitua mlangoni akisema ameambiwa ni la fundi na asiulize zaidi. Baba alilizunguka kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiyemwagiza. Musyoka alipendekeza yapakwe kwato za punda. Akapendekeza yamwagwe nyuma ya choo polepole, kidogo kidogo, Mama asijue. Baba akamwangalia kwa namna ambayo Musyoka alikwenda kufagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa. Kumwaga chini mafuta ya mama mkwe, aliyoyatwanga kwa mikono yake, Baba hakuweza hata kulifikiria jambo hilo bila kuona haya.

Na Mama alilipima dumu kwa macho kila apitapo. Reli peke yake haikuweza kulimaliza hata kwa mwaka. Kwa hiyo siku moja ya mwisho wa Juni Baba akavaa ovaroli safi, jambo lisilo la kawaida, akatoa oili ya gia mashine ikiwa na joto, akaosha sanduku kwa mafuta ya taa, akapangusa, akaacha likauke, na akamimina mafuta ya Susu ndani. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake wote. Musyoka alivua kofia. Baba akaiwasha leithi, akabandika sikio, na sikuona tabasamu wala sikuona kununa. Aliniangalia tu akasema, "Mwaitu, tumekubali."

Wale mnaoijua Machakos mnajua Julai yetu. Ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti na kukaa barabarani mpaka saa tano, na mtu anaoga kwa kujiombea. Mafuta ya mbarika nayo yana tabia zao. Yakipata hewa kwa muda yanaanza kunata, na yakipata baridi yanakuwa mazito kama asali ya chini ya mtungi. Kwenye reli chengachenga za chuma zilikuwa zimekwama juu ya mafuta mpaka leithi ikaota manyoya. Ndani ya gia hatukuona, lakini tulisikia. Asubuhi Baba alipobonyeza swichi, mashine ilinguruma, ikatetemeka, ikazunguka nusu kwa uchungu na kusimama.

Ni katika wiki ya kwanza ya baridi hiyo watu wa kamati ya maji ya Kalama walipoleta shafti ya pampu, ule mhimili wa chuma unaoizungusha. Kisima chao cha mashine, ambako Susu naye alichota maji, kilikuwa kimesimama kwa sababu shafti ililika, na ilihitaji kuchongwa nyingine mpya. Walimjua Baba, na walijua ni mkwe wa Kalama. Mwenyekiti wao alimshika bega akamwambia watu wote wanamngojea yeye. Bila pampu ilibidi wanawake warudi kufukua mchanga kwenye mto mkavu, wakae na kata mkononi wakingojea maji yajichuje. Baba alijua mmoja wa wanawake hao atakuwa nani.

Nawaambia sijapata kumwona mtu akihangaika hivyo. Asubuhi Baba na Musyoka walichukua jiko la makaa la Mama wakaliweka chini ya leithi, wakaifunika kwa blanketi, wakakaa pembeni kama watu walio na mzazi ndani. Ikipata joto ilizunguka kidogo, Baba akachonga kwa haraka, kisha ikapoa ikakwama, na shafti ikatoka na mikwaruzo. Akaitupa, akaanza nyingine. Kuyatoa mafuta ya Susu hakukuwezekana, kwa sababu Mama aliingia kila mara kuchukua jiko lake na kuuliza, "Inakuwaje leo, mashine ya Mama?" Na Baba, mwenye shati lililolowa jasho katika baridi ile, alijibu, "Inaendelea vizuri, Mama Ndanu." Kamati ikatuma mtu kuuliza. Akaambiwa kesho. Ikatuma tena. Akaambiwa kesho. Huko Kalama watu walianza kusema kwamba fundi wa Mumbuni ameshindwa na kazi, na kwamba yule mwalimu angekuwa bora.

Jumamosi Mama alikwenda soko la Masii. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha karakana nikimenya miwa nilipoona mwanamke mzee akiingia langoni, leso mbili mabegani, viatu vyekundu kwa vumbi la safari. Nilidhani naota. Susu, Mumbuni! Nilimkimbilia, akaniwekea mkono kichwani, halafu akatembea mpaka karibu na mlango wa karakana, akageuka, akaupa mgongo na kusimama akitazama kamba ya nguo. Ndani nilisikia kitu kikianguka. Baba alikuwa ameiona leso. Alirudi nyuma ya leithi na kugeukia ukutani, akabaki anatazama misumari iliyotundikiwa spana.

"Syombua," Susu akasema, akiziambia nguo zetu, "muulize fundi maji ya watu yako wapi."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Pamoja na hayo nikageuka nikasema, "Baba, Susu anauliza maji ya watu yako wapi."

"Mwambie tunamsalimu sana," Baba akaziambia spana. "Mwambie shafti itakuwa tayari. Mashine imeshikwa na baridi kidogo."

"Susu, anasema mashine imeshikwa na baridi."

"Chuma kinashikwa na baridi?" Susu akasema. "Kinakohoa?"

Nyuma ya mapipa ya oili, alikojificha, Musyoka alikohoa.

Susu akainua pua. Akanusa upande huu, akanusa upande ule. "Muulize hii harufu ni ya nini. Hapa kunanuka kwangu."

"Baba, Susu anauliza..."

"Nimesikia, Mwaitu." Nilimwona mgongo wake ukijikusanya. "Mwambie ni zile mafuta zake. Mwambie tunashukuru sana, hatujawahi kupata kama hizo. Hata tumeweka kwa gia. Mashine imezipenda."

Sikuhitaji kurudia. Susu akasema neno moja, polepole.

"Mashine?"

Na hapo, jamani, nthoni ikavunjika mbele ya macho yangu. Susu aligeuka. Akaja mpaka mlangoni, akaitazama leithi pamoja na blanketi lake, na jiko chini yake, na mafuta yake yaliyogandamana na vyuma juu ya reli.

"Asi! Mnapaka chuma mafuta yangu?"

"Lakini Susu," nikasema mimi, nikiona nitasingiziwa, "si ulisema ni mafuta ya fundi?"

"Ni ya fundi!" Susu akapaza sauti. "Fundi ni chuma?"

Mimi bado sikuelewa. "Sasa ni ya nini, Susu?"

Alifungua kinywa akakifunga. Neno alikuwa nalo, niliona limefika mpaka menoni, lakini lilikuwa neno la mwili wa mkwe na hakuweza kulitoa. Akaniangalia kwa kuniomba msaada, nami nilikuwa na mdomo uliojaa mua. Basi akainua viganja vyake viwili, akavifikicha taratibu kimoja juu ya kingine, akapitisha kidole gumba katikati ya vidole, akarudia. Halafu akaficha mikono chini ya leso kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Baba alikuwa amegeuka. Alitazama mikono ya Susu, kisha akatazama yake. Nami nikaitazama. Ilikuwa imepasuka kila mahali, kwenye viungo, pembeni mwa kucha, na pale kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na ufa mwekundu ambao grisi ilikuwa imeingia ukawa na ukingo mweusi.

Wa kwanza kucheka alikuwa Musyoka. Alitoka nyuma ya mapipa ameshika tumbo, akaanguka juu ya benchi. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, Susu akicheka mahali ambapo Baba alikuwepo. Alicheka huku amefunika uso kwa leso. "Na kelele!" akasema ndani ya leso. "Mimi nikafikiri analia kwa uchungu!" Baba naye aligeukia tena ukutani, kwa adabu, na mabega yakaanza kumtikisika.

Oili ya Susu ilitolewa pale pale, mbele yake. Baba na Musyoka waliosha gia kwa mafuta ya taa, wakakwangua reli, wakapangusa, na ile oili yenye harufu ya yai viza ikarudi nyumbani kwake. Leithi ilizunguka kama haijawahi kuugua. Susu alikaa nje kwenye kiti, ametupa mgongo kama inavyotakiwa, akinywa chai niliyompikia mimi, na alikuwa bado hapo shafti ilipotoka, safi, inang'aa. Aliondoka nayo mwenyewe pamoja na mwenyekiti aliyepigiwa simu, na jioni hiyo yule kijana wa jirani yake akatuarifu kwa simu kwamba maji yanatoka. Mama aliporudi kutoka Masii alisimuliwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Alicheka kuliko sote. Halafu akamwomba Baba amwonyeshe mikono.

Mafuta yaliyobaki kwenye dumu yalidumu miaka. Baba aliyapaka kila asubuhi, na nyufa zikaziba, ingawa wiki ya kwanza spana zilimponyoka moja baada ya nyingine na Musyoka alivaa viatu vizito. Susu hakuja tena mara nyingi, na alipokuja aligeukia kamba ya nguo kama kawaida.

Nilipokuwa mkubwa, tayari na wakwe zangu, nilimuuliza Baba kama hakujua kwamba mafuta yale yangeikwamisha mashine. "Nilijua, Mwaitu," akasema. "Nilipoyashika tu kwa vidole." Nikamuuliza sasa kwa nini aliyatia. Akafikiri, akasema alikuwa hajawahi kumwona Mama akifurahi vile, na gia zinaoshwa.

Hilo nililielewa haraka. Lililonichukua miaka ni la Susu. Mimi nililala nyumba moja na mikono ile. Iliniinua nikiwa mdogo, ilinikatia mkate, na sikuwa nimeona ufa hata mmoja. Mama aliyefua zile ovaroli hakuwa ameona. Aliyeona ni mwanamke aliyeruhusiwa kumpa mgongo tu, ambaye katika kila harusi na kila mazishi tulimwona ametazama kwingine, tukasema hampendi. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, kati ya kidole gumba na cha shahada, na mtu hauoni mpaka atazame sana.